Moshi Uliorudi Kuwa Kuni

Kijito Cheusi, 3 Desemba

Mwanangu Nolfa,

Barua hii ikukute umekula kitu cha moto, maana nakujua, ukishika kazi unasahau kama una tumbo. Sisi huku wazima. Baba yako Arnoldo mzima isipokuwa magoti, anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Bibi yako Clorinda mzima, haoni vizuri lakini anasikia kila kisichomhusu. Anakusalimu na anauliza kama huko kiwandani hakuna mwanamume asiyelewa. Kaka yako Edelmiro yuko na wanyoaji wa kondoo bandani tangu Jumatatu, mikono imemvimba kama mikate yangu, naye anakusalimu. Jirani Rosenda anakusalimu, kuku wake wawili wamechukuliwa na mbweha na analia kama kafiwa. Mbwa Pirata kapoteza jino jingine. Huyu Huenchur dereva, aliyekuletea barua hii, naye aliniambia niandike kuwa anakusalimu, ingawa atakuona kabla yangu.

Sasa nakuja kwenye lililonikosesha raha. Huenchur ameniambia, mdomo haufungi huyu, kwamba umejibizana na meneja mbele ya watu. Kwamba kuna karatasi anataka uisaini nawe umeisukuma mezani ikamrudia. Mwanangu, ni kweli? Jambo hili sikutaka kulipeleka redioni, maana ujumbe wa redio unasikika kisiwa kizima, mpaka jikoni kwa Bwana Mirko mwenye shamba. Ndiyo maana naandika, na unajua kalamu na mimi tuliachana darasa la tatu.

Kazi yako sijaielewa vizuri hata leo. Bibi akiniuliza namwambia, "Wanakamata moshi uliotawanyika hewani, wanaupika kwa nguvu ya upepo mpaka unarudi kuwa mafuta." Bibi anasema, "Yaani wanarudisha moshi uwe kuni." Namwambia ndiyo. Anasema basi dunia imeisha. Kama nimekosea, nirekebishe.

Mimi tangu kunyoa kuanza naoka mikate arobaini kwa siku ya wanyoaji, baba yako anaipeleka bandani kwa farasi. Wewe uko upande ule upepo unakoelekea, kwa hiyo msimu huu usianike nguo nje. Utavaa shuka yenye manyoya ya kondoo mpaka Machi.

Usijibizane na wakubwa. Niandikie.

Mama yako,
Eduvina


Kiwandani, 10 Desemba

Mama mpenzi,

Nakuamkia, na wote uliowataja nawaamkia mmoja mmoja. Mwambie Bibi mwanamume asiyelewa yupo, lakini ana miaka sitini na mitatu na ni mpishi.

Umeelewa kazi yangu kuliko wageni wengi wanaokuja hapa na kofia mpya. Ni hivyo hivyo, tunaurudisha moshi. Mapanga makubwa ya upepo yanatupa umeme. Feni zinavuta hewa na kuipitisha kwenye vichujio, na vichujio vinashika hewa ukaa, ile inayotoka kwenye kila moto na kila bomba la gari. Kwa umeme tunapasua maji, tunachukua hidrojeni iliyomo, tunaiozesha na ile hewa ukaa, na mwisho wa bomba yanadondoka mafuta ambayo gari halijui tofauti yake na mengine. Yakichomwa yanatoa moshi uleule tuliouokota, hayaongezi mwingine. Hiyo ndiyo sifa yake yote, Mama. Ukiiondoa hiyo, tumebaki na mafuta ya bei ghali.

Karatasi ni hii. Kila zamu tunaandika kwenye daftari: katika kila mafungu mia ya hewa ukaa tuliyotumia, mangapi tumeyakamata kutoka kwenye upepo. Novemba tulikuwa tisini na zaidi. Tangu Desemba ianze mtambo wa kukamata unakohoa, unashika kidogo mno, na hakuna anayejua kwa nini. Pengo linajazwa na lori linaloleta hewa ukaa kutoka kiwanda cha bia bara, ng'ambo ya maji. Hilo si kosa, kiwanda kisizime. Kosa ni kwamba meneja, Bwana Larraguibel, anataka tuandike yote yametoka kwenye upepo. Tarehe 24 Januari wanakuja wanunuzi kutoka mbali kuchukua mapipa ya kwanza, na watasoma daftari.

Aliniita akaniambia, "Nolfa, hewa ni hewa. Utaijuaje ya bia na ya upepo?"

Nikamwambia, "Mimi siwezi kuijua. Ndiyo maana kuna daftari, mhandisi."

Watu wakacheka. Hilo ndilo kosa langu, walicheka.

Usiwe na wasiwasi. Wamenibadilishia zamu kidogo tu.

Binti yako,
Nolfa


Kijito Cheusi, 17 Desemba

Mwanangu Nolfa,

Wote wazima, usiulize sana. Baba yako yuko na kondoo. Bibi anasema mpishi wa miaka sitini na mitatu bado ni kijana, muulize kama ana jino.

Mwanangu, saini. Nimekaa na jambo hili siku tatu, mkono mmoja kwenye unga na moyo huko kwako, na nasema saini. Namba ni nini? Namba ni wino. Wewe ndiwe wa kwanza katika ukoo huu kufanya kazi umekaa kwenye kiti. Mimi nilianza kupika kwa wanyoaji nina miaka kumi na miwili, nasimama juu ya kreti ili nifikie sufuria. Baba yako akishuka farasi sasa hivi tunamsaidia watu wawili. Wakubwa wakitaka kuita chupa sufuria, wewe uliza tu kifuniko kiko wapi.

Bwana Mirko alipita hapa Jumapili kutusalimu. Alikunywa chai, akasifu mkate. Akakuulizia vizuri sana.

Kwa hiyo kama ni kusaini, saini, ukae na kazi yako. Krismasi nitakutumia jemu ya matunda ya kalafate, usiigawe yote.

Mama yako anayekupenda,
Eduvina


Kiwandani, 27 Desemba

Mama,

Jemu imefika. Barua pia imefika, na nimeisoma mara nne nikitafuta wewe uko wapi ndani yake.

Unakumbuka mwaka wa theluji kubwa? Nilikuwa na miaka minane. Wana-kondoo thelathini wa jirani walivuka uzio uliofukiwa, wakachanganyika na wetu kabla ya kukatwa alama ya sikio. Msimamizi wa wakati ule akamwambia Baba awakate alama ya shamba hili, nani atajua, mwana-kondoo ni mwana-kondoo. Baba akawarudisha wote usiku mzima, na asubuhi akanyang'anywa farasi mzuri akapewa yule kipofu wa jicho moja. Ulifanya nini siku hiyo, Mama? Hukumgombeza. Ulimkaangia maandazi na mafuta ya kondoo, ukamwekea mbele sahani nzima peke yake. Ukatuambia sisi watoto, "Alama ya sikio ndiyo jina la mnyama. Anayeikata kwa uongo anaiba hata kama kondoo kampa mwenyewe sikio."

Sasa hewa haina sikio. Daftari ndilo sikio lake. Nami nikate vipi?

Bwana Mirko hanywi chai ya mtu bure. Alisema nini?

Na mimi nilikudanganya, tuwe sawa. Hawakunibadilishia zamu. Wameniondoa chumba cha mitambo, naosha vichujio kwa bomba la maji pamoja na vibarua. Lakini yule kijana waliyemweka mahali pangu ananinong'oneza namba za kweli kila jioni, nami naziandika. Nimeambatanisha karatasi hiyo. Nifichie, maana kabati langu limepekuliwa mara mbili na sitaki ipotee. Weka mahali ambapo hata Bibi hatajua.

Nolfa


Kijito Cheusi, 7 Januari

Mwanangu, mwanangu, Nolfa wangu,

Nisamehe. Baba yako alinisomea barua yako kwa sauti, alipofika kwenye maandazi akatoka nje kwenda kutazama farasi ambaye hakuwa na shida yoyote. Bibi akaniambia, "Umeaibika, vizuri, sasa oka mkate."

Nakuambia yote. Bwana Mirko alikaa kwenye kile kiti chako. Akasema, "Mama Eduvina, mkate wako hauna mpinzani."

"Asante, Bwana, ongeza."

"Huyu binti yako ana kichwa kigumu."

"Amerithi, Bwana."

"Basi mlainishie. Hawa watu wa kiwanda, wanaonilipa kodi ya ardhi, wakiondoka na mapanga yao, mimi nabaki na kondoo tu. Na kibanda hiki nina mtu mwingine anakihitaji. Kondoo wakiisha kunyolewa tutazungumza." Yote hayo anayasema huku anapaka siagi yangu, mwanangu. Siagi yangu! Akaondoka na mkate mzima chini ya kwapa.

Miaka thelathini na moja tumekaa hapa. Nikaogopa. Nikakuandikia ile barua ya mtu mwingine. Ndiyo hiyo.

Lakini sikiliza sasa, hapa ndipo pa maana, weka barua karibu na taa. Karatasi yako ya namba niliificha nyuma ya kalenda ya dukani, ile yenye picha ya trekta, maana hiyo kalenda haiguswi na mtu ila mimi. Kila siku ninayooka mikate ya wanyoaji naweka msalaba. Siku isiyo na msalaba ni siku ya mvua, kwa sababu kondoo aliyelowa hanyolewi, hilo hata Pirata anajua, na wanyoaji wasiponyoa wanakula nyama na viazi vyao wanacheza karata. Jana nilipokuwa naweka msalaba, Januari nimeichora mwenyewe chini ya Desemba, karatasi yako ikachomoza. Macho yangu yakaenda huku na huku kama mtu anayetazama mechi.

Tarehe 4 Desemba, umeandika kumi na mbili. Mimi msalaba.
Tarehe 5, tisa. Msalaba.
Tarehe 6, themanini na moja. Mimi hakuna kitu! Mvua!
Tarehe 7, themanini na nne. Mvua.
Tarehe 8, kumi na tano. Msalaba.

Nikamwita Bibi, nikamwita Baba yako, nikamwita Rosenda ambaye hakuelewa lakini alikuja. Tumezipitia zote mpaka Krismasi. Hakuna hata moja iliyokosea. Siku ninayooka mkate mtambo wenu unakohoa. Siku nisiyooka unapumua.

Nolfa, ni banda la kunyolea! Liko juu upepo unakotoka, ninyi mko chini yake. Kondoo elfu nne wanavuliwa koti, vumbi, mafuta ya ngozi, manyoya madogo yale yasiyoonekana, yote yanakuja kwenu, na feni zenu zinayavuta puani. Nilikuambia usianike shuka! Hao wahandisi walijenga mwezi gani? Najua, Julai, banda tupu, kimya. Hakuna aliyemuuliza mwanamke yeyote mahali pa kuanika nguo.

Na uone jambo hili: ungeandika mia, mia, mia, kama alivyotaka, tungejua nini? Mgonjwa anayejiandikia mzima hapati dawa.

Usisaini. Nasema mimi mama yako kwa mkono wangu mwenyewe, usisaini. Nimemwambia Huenchur anisubiri Jumanne, nakwenda naye mjini. Sina la kununua.

Mama yako halisi sasa,
Eduvina


Kiwandani, 16 Januari

Mama!

Ungejua ulichofanya. Au unajua vizuri sana.

Ilikuwa saa saba na nusu mchana, tuko ukumbi wa chakula watu sabini, mpishi amefungulia redio kama kawaida baada ya taarifa. Msomaji anasoma ujumbe wa mashambani kwa ile sauti yake ya usingizi: nani amejifungua, nani aje na farasi njia panda. Halafu:

"Kwa Nolfa Mansilla, kiwanda cha mafuta ya upepo. Kutoka kwa mama yake Eduvina, Kijito Cheusi. Sote wazima. Kondoo wa kununuliwa usimkate alama yetu ya sikio, hata akikuamuru nani. Vichujio vyenu vinakula manyoya ya banda la Bwana Mirko, tazama kalenda ya mkate, siku ya mvua mko wazima. Ukifukuzwa kazi njoo nyumbani. Tukifukuzwa nyumbani tunakuja kwako. Vaa soksi mbili."

Mama, akausoma mara ya pili! Hawasomi mara ya pili ila kwa misiba!

Halafu fundi mmoja wa hapa kisiwani, mjukuu wa wachungaji, akaweka kijiko chini akasema, "Lori la bia ndilo kondoo wa kununuliwa." Ukumbi ukaangua kicheko. Bwana Larraguibel, ambaye kwao ni mji mkuu, akawa anauliza meza kwa meza, "Sikio gani? Kondoo gani? Huyu mama ni nani?" Kila meza ikamwelekeza kwa inayofuata. Yule mpishi wa Bibi akaniongezea nyama.

Mimi sikusubiri kumaliza. Nilikwenda sehemu ya kuoshea, nikachukua kichujio kabla sijakitia maji. Wiki tano nimekuwa nikiosha ule utando wa kijivu nikidhani ni vumbi la chumvi. Nikaukwangua kwa ukucha, nikaunusa. Mama, ni koti la Baba. Ni harufu ya koti la Baba likiwa limening'inia nyuma ya mlango. Mimi, mtoto wa mchungaji, nimeshika kitu hicho kwa mikono miwili wiki tano sikukitambua kwa kuwa kilikuwa ndani ya mtambo.

Nikakipeleka ofisini na kukiweka juu ya meza ya meneja.

"Unaniambia mtambo huu umeshindwa na kondoo?"

"Haujashindwa, mhandisi. Umepata mafua."

Tumefunga magunia matupu ya kupakia sufu, yale mapana, mbele ya feni, safu mbili, tunayabadilisha asubuhi na jioni. Jana kondoo wamenyolewa kutwa nzima, na tumepata sabini na sita.

Ungedhani angefurahi. Alifurahi nusu saa. Kisha akasema sasa basi, kwa kuwa mtambo umepona, tuandike upya kurasa za Desemba ziwe safi kama Januari, na nisaini mimi, kwa kuwa ni mimi niliyezua maneno. Nimekataa. Nimemwambia Desemba ilikuwa mgonjwa na itabaki mgonjwa. Amesema nitajutia. Wageni wako njiani.

Kila mfanyakazi amepewa kichupa cha ukumbusho cha mafuta ya mwezi huu. Wangu namtumia Baba. Asiyanuse sana.

Usimfungulie Bwana Mirko mlango.

Binti yako,
Nolfa


Kijito Cheusi, 29 Januari

Mwanangu Nolfa,

Bibi anakusalimu kwanza, amesema leo aanze yeye. Baba yako anakusalimu amekaa jua linapopiga. Edelmiro amemaliza kunyoa, anakusalimu kwa mkono wa kushoto, wa kulia hauna habari. Rosenda anakusalimu, amekuwa mtu mkubwa, anawaeleza watu wote yeye ndiye aliyegundua.

Ujumbe wako wa redio tumeusikia Jumamosi, tumejazana hapa jikoni watu tisa. "Kwa Eduvina Barría, Kijito Cheusi. Kurasa za Desemba zimesomwa mbele ya wageni kama zilivyo. Nimezisoma mwenyewe kwa sauti. Wamekataa mapipa ya Desemba, wamechukua ya Januari." Basi, ukakomea hapo! Watu wakapiga makofi, Bibi akapiga meza na fimbo, mimi nikalia ndani ya aproni. Lakini baadaye nikajiuliza, mbona hakusema kama kazi bado anayo? Nakujua. Unapofupisha maneno ndipo unapoficha.

Bwana Mirko amekuja Jumatatu. Sikumfungulia, tumezungumza dirishani. Akasema, "Mama Eduvina, umenitangaza redioni kama ng'ombe aliyepotea."

Nikamwambia, "Bwana, ng'ombe aliyepotea hutangazwa apatikane."

Akasema mwisho wa Machi kibanda kiwe kitupu. Nikamwambia basi aje na mikono yake mwenyewe, ainue jiko langu la chuma, maana mimi sijawahi kulihama na halina vipini. Wanyoaji walikuwa wanapita na mizigo yao, wakasimama. Mzee wao akauliza mbele yake, "Mwakani nani ataoka?" Nikasema, "Muulizeni Bwana." Wakamtazama, mwanangu, wanaume kumi na wanane. Akapanda gari. Sijui itakuwaje. Nimepanda viazi hata hivyo, safu sita, vya kuvunwa Aprili. Atakayevila ajue vilipandwa na nani.

Sasa kichupa. Baba yako alikizungusha mkononi siku mbili, anakitazama kama dawa ya macho. Jana akasema, "Kitu kisichofanya kazi ni pambo," akakimimina kwenye tangi la msumeno wa injini. Akavuta kamba mara moja. Mara moja tu, Nolfa, msumeno ule ambao huwa unataka kubembelezwa! Ukanguruma, akakata gogo lote la mti wa lenga lililolala nyuma ya nyumba tangu vuli. Bibi akaomba apelekwe karibu. Akagusa vipande kwa mikono, akavihesabu kwa vidole, akasema, "Nilisema mimi. Moshi umerudi kuwa kuni." Nimevipanga karibu na jiko. Nimekaa navitazama mpaka uji ukaungua.

Sijui niviwashe lini. Hilo ni lako kunijibu. Kama wamekufukuza, njoo, nitawasha kuni hizi siku utakayoingia, kitanda chako kipo, Pirata anakilalia tu. Kama hawajakufukuza, uliza kama huko wanahitaji mwokaji anayejua siku za mvua, maana Aprili tunaweza kuwa wanne mlangoni kwako, pamoja na mbwa na jiko. Kwa vyovyote hatutalala nje, na hakuna katika nyumba hii aliyesaini.

Huenchur anapita huko Ijumaa asubuhi, ataisubiri barua yako hata kwa saa moja, nimemlipa kwa mkate. Usiandike ndefu. Niambie upesi, Nolfa: nikutandikie kitanda, au wewe utatutandikia?

Mama yako,
Eduvina